Mwigizaji Akikalia Kiti cha Mwongozaji

Mwigizaji anayeamua kuandika na kuongoza filamu yake mwenyewe huja na mtaji ambao waongozaji wengi hawana. Anajua hali ya kusimama kwenye alama iliyobandikwa sakafuni, taa zikimchoma usoni na watu kumi na watano wakimtazama, kisha akaambiwa alie. Anajua ni sentensi ipi inayotamkika na ipi inayomkwama msemaji kooni. Tatizo ni kwamba mtaji huohuo ndio unaomponza. Miaka yote aliyofanya kazi ameitazama filamu kupitia tundu moja tu, yaani mhusika wake. Muswada ameusoma akitafuta mistari yake. Siku za kupiga picha amefika onyesho lake lilipokaribia na kuondoka lilipokwisha. Kuamua mtazamaji aone nini, kwa sekunde ngapi, na nini asionyeshwe kabisa, kulikuwa kazi ya mtu mwingine.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihitaji hata senti: baki kazini baada ya onyesho lako kwisha. Omba ruhusa ukae karibu na msimamizi wa mwendelezo, yule anayeandika kila teki, yaani kila mara picha ileile inapopigwa, imeanzia wapi, kikombe kilikuwa mkono gani, na mwigizaji aliketi kwenye neno lipi. Hakuna kiti kingine kinachofundisha haraka kama hicho. Kisha mwombe mhariri siku mbili tatu za kukaa nyuma yake kimya. Hapo ndipo utakapoona teki uliyodhani ni bora maishani mwako ikitupwa kwa sababu uligeuza kichwa mapema. Ida Lupino, mwigizaji wa Hollywood, alijifunza namna hiyo. Studio iliyomwajiri ilipomsimamisha kwa kukataa nafasi alizopewa, alitumia muda huo kuangalia jinsi picha zinavyopigwa na kuhaririwa. Mwaka 1949, mwongozaji wa filamu ambayo Lupino alishiriki kuiandika na kuitayarisha alipopatwa na maradhi ya moyo, yeye ndiye aliyeimalizia, na tangu hapo akawa mwongozaji.

Kwenye uandishi, ugonjwa wa waigizaji unajulikana: maneno mengi. Tunapenda hotuba. Tumekaa miaka tukisubiri mtu atuandikie ukurasa mzima wa kuzungumza peke yetu, basi tukishika kalamu tunajilipa deni hilo. Kipimo chake ni rahisi. Chukua karatasi, funika mazungumzo yote ya onyesho, usome maelezo ya vitendo peke yake. Kama huelewi nani anataka nini na nani amekataa, onyesho hilo bado ni mchezo wa redio. Andika kinachoonekana na kinachosikika tu. "Anakumbuka jinsi alivyomdhulumu ndugu yake" hakipigiki picha. "Anaichukua picha ya ndugu yake ukutani, anaifuta vumbi, anaigeuza uso chini" kinapigika. Ingia kwenye onyesho likiwa limekwisha kuanza na utoke kabla halijapoa. Mara nyingi mistari mitatu ya mwanzo na miwili ya mwisho ikikatwa, hakuna atakayeikosa.

Muswada uliopangwa kwa muundo wa kawaida wa filamu, herufi za Courier ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa ukurasa mmoja ni dakika moja ya filamu. Kurasa 90 ni saa moja na nusu. Usiudanganye muundo kwa kubana mistari au kupunguza herufi, maana utakayekuja kumdanganya ni wewe mwenyewe siku ya kupanga ratiba.

Ukishaandika, kusanya watu wausome kwa sauti, na wewe usisome chochote. Hili waigizaji hulikataa kwa sababu kila mmoja anaamini hakuna atakayemsoma mhusika mkuu kama yeye. Ndiyo sababu yenyewe ya kunyamaza: ukisoma wewe, utaziba mashimo ya muswada kwa ufundi wako wa sauti na hutayaona. Keti pembeni na penseli, utazame wasikilizaji badala ya wasomaji. Pale mtu anapojinyoosha kitini au kuangalia simu, weka alama ukingoni. Alama tatu zikikaribiana, hapo pana ukurasa wa kufutwa.

Filamu ya kujitegemea huandikwa kuelekea kile unachoweza kukipata. Maeneo mawili hadi manne, wahusika watano au sita wenye maneno, mchana zaidi kuliko usiku. Watoto wadogo, wanyama, maji, magari yanayotembea na umati wa watu, kila kimoja kinaweza kuongeza saa kwenye siku yako, na viwili vikikutana kwenye onyesho moja ujue siku imekwenda. Kuhama kutoka eneo moja kwenda jingine katikati ya siku hula saa moja hadi mbili hata kama ni mtaa wa pili, kwa kuwa kinachohama si watu tu bali taa, nyaya, mavazi na chakula.

Kabla ya filamu ndefu, piga fupi. Dakika tano hadi nane, watu wawili, chumba kimoja, siku mbili za kazi. Halafu nyingine. Wanaorukia filamu ndefu moja kwa moja hawashindwi kwa kukosa kipaji. Hushindwa siku ya nne, uchovu unapoingia na hakuna anayejua kwa nini ratiba imepasuka.

Hesabu ya ratiba ni ya kuifanya mapema, penseli mkononi. Siku ya kazi ya saa 12, toa saa ya chakula, toa saa moja ya kupanga vifaa asubuhi na nyingine ya kufungasha jioni. Zimebaki 9. Kikundi kidogo huhitaji dakika 20 hadi 40 kuhamisha kamera, kurekebisha taa na kupiga teki chache za shoti moja, yaani picha moja isiyokatwa. Tuseme wastani wa dakika 27: unapata shoti 20 kwa siku. Kama ukurasa mmoja unahitaji shoti nne, hizo ni kurasa tano, na muswada wa kurasa 90 unakuwa siku 18. Ukijipangia siku 12 bila kubadili muswada, umeamua kupiga kurasa saba na nusu kwa siku, yaani shoti 30 badala ya 20, au uridhike na shoti zisizofika tatu kwa ukurasa. Inawezekana, lakini iwe ni uamuzi uliofanya ukiwa umeketi nyumbani, isiwe ajali ya saa kumi na moja jioni jua likizama. Anza siku na onyesho rahisi ili watu wazoeane. Maonyesho ya hisia nzito yasipangwe siku ya kwanza, wala saa ya mwisho ya siku yoyote.

Mwongozaji msaidizi ndiye anayeilinda saa. Waigizaji tuliohamia kiti hiki tuna tabia ya kumwona kama mtu anayetukatisha utamu, kumbe yeye ndiye anayekupa nafasi ya kufikiri. Mpe mamlaka hadharani tangu asubuhi ya kwanza.

Hapa tufike kwenye jambo ambalo kila mtu anadhani mwigizaji atalifanya vizuri bila kufundishwa, nalo ndilo analoliharibu mapema: kuwaongoza waigizaji wenzake.

Kosa la kwanza ni kuonyesha. Unasema, "Hebu ngoja, iseme hivi," kisha unaitamka. Mwenzako sasa ana kazi mbili, kucheza mhusika na kukuiga wewe, na kitakachoonekana kwenye picha ni ile ya pili. Kosa la pili ni kuagiza matokeo: "huzunika zaidi," "kuwa na hasira kidogo." Hasira haina mpini wa kuishikia. Mpe kitenzi kinachoelekezwa kwa mtu: mbembeleze, mfukuze bila kumwambia aondoke, mfiche kwamba umelia, mlazimishe akutazame. Kitenzi kinachezeka. Ukikosa kitenzi, badili mazingira: mwambie kwamba mtoto amelala chumba cha pili, au kwamba basi linaondoka baada ya dakika tatu. Sauti yenyewe itabadilika.

Toa maelekezo kwa sauti ya chini, karibu na mwigizaji, jambo moja kwa teki moja. Ukimpa matatu atashika la mwisho. Mwigizaji mwenzake asisikie ulichosema, kwa sababu mshangao wake ndio unaoutaka kwenye picha. Na usiseme "safi" baada ya kila teki. Ndani ya siku mbili neno hilo litakuwa halina thamani. Ukishapata teki unayoihitaji, na kama saa inaruhusu, toa moja ya bure: "Hii tunayo. Sasa fanya unavyotaka." Teki hizo huingia kwenye filamu mara nyingi kuliko unavyodhani.

Panga mfuatano wa shoti ukifikiria machozi. Picha pana kwanza ni desturi, lakini kama onyesho linamtaka mtu avunjike, picha yake ya karibu ipigwe mapema kabla hajakauka. Anayesimama nje ya picha kumpa mwenzake mistari ajitoe kikamilifu. Hili uliseme siku ya mazoezi, na wewe mwenyewe ulitii. Kwa kuwa filamu hupigwa bila kufuata mtiririko wa hadithi, tengenezea kila mhusika mkuu ukurasa mmoja wa jedwali: namba ya onyesho, ametoka wapi sasa hivi, anajua nini hadi hapo, hajui nini, na uzito wa hali yake kutoka 1 hadi 10. Siku mnapopiga onyesho la 41 asubuhi na la 7 mchana, jedwali hilo ndilo litakalokuokoa.

Wasio waigizaji huhitaji lugha nyingine kabisa. Mpiga picha hasaidiki ukimweleza jinsi mhusika anavyojihisi kwa nusu saa. Anataka kujua onyesho hili ni la nani, kamera imsogelee lini, na ni shoti ipi utaitoa sadaka muda ukiisha. Mpangilio wa kazi kwa kila onyesho ubaki mmoja: waigizaji wapite njia zao na alama ziwekwe, watoke waende kujiandaa, taa zipangwe, warudi kufanya zoezi na kamera, kisha ipigwe. Ukipanga taa kabla waigizaji hawajapita njia zao, utapanga taa mara mbili.

Mstari wa digrii 180 mwigizaji huujua kwa upande wake tu. Ameambiwa mara elfu, "Tazama hapa, kushoto kwa kamera," bila kuambiwa sababu. Chora mstari wa kufikirika kati ya wazungumzaji wawili. Kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukivuka, kwenye picha wote wataonekana wanatazama upande uleule, kana kwamba hawazungumzi pamoja. Na ukitaka shoti mbili za mtu mmoja ziunganike, sogeza kamera angalau digrii 30 au ubadilishe ukubwa wa picha waziwazi, la sivyo mkato utaonekana kama kanda imeruka.

Sauti. Kama pana fedha ya kumlipa mtu mmoja tu kikamilifu, alipwe mnasa sauti. Picha yenye giza mtazamaji anaweza kudhani umekusudia, lakini mazungumzo yasiyosikika hayana tafsiri nyingine ila uzembe. Nenda eneo la kupigia picha saa ileile mtakayopiga, simama katikati, fumba macho dakika tano, hesabu unachosikia: jenereta, ndege, shule iliyo jirani, feni. Kipaza sauti kilichofungwa kwenye ufito mrefu kiwe nusu mita hivi kutoka kinywani, juu kidogo ya ukingo wa picha. Kikiwa mita mbili, unarekodi chumba. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, vilele vya sauti vikizunguka desibeli 12 chini ya kikomo ili anayepiga kelele ghafla asipasue. Jokofu lizimwe, na mwenye kulizima aweke funguo za gari lake ndani yake. Hataweza kuondoka bila kukumbuka kuliwasha. Kabla ya kuhama kila eneo, watu wote wabaki walipo, kimya, sekunde 30 hadi 60, mrekodi ukimya wa chumba hicho. Mhariri ataushona chini ya kila mkato. Usipourekodi, mazungumzo yatasikika yamekatwakatwa kwa wembe.

Je, uigize kwenye filamu yako mwenyewe? Mshika mbili moja humponyoka, na kwa filamu ya kwanza jibu langu ni hapana, isipokuwa nafasi ndogo. Ukishikilia, basi weka masharti. Mtu wa kusimama mahali pako wakati wa kupanga taa. Mtu mmoja unayemwamini, asiyekuogopa, mwenye mamlaka ya kusema "rudia" ukiwa ndani ya onyesho. Maonyesho yako yaanze siku ya tatu au ya nne, wengine wakiwa wamekwisha kuzoea. Usitazame marudio ya kila teki, kwani kila utazamaji unakula muda wa teki nyingine ambayo hutaipiga. Tazama ya kwanza kuhakikisha picha imekaa, na ya mwisho kabla ya kuhama. Hatari kubwa haiko kwenye uigizaji wako. Ni kwamba katikati ya onyesho utaanza kumsikiliza mwenzako kwa sikio la hakimu, naye ataliona hilo machoni mwako.

Fedha ya filamu ya kujitegemea mara nyingi hutoka kwenye uigizaji wenyewe, na si aibu. John Cassavetes alikuwa mwigizaji. Mwaka 1957 aliomba mchango redioni mjini New York kwa ajili ya filamu yake ya kwanza, Shadows, na wasikilizaji wakamtumia dola kama 2,000. Toleo la kwanza la filamu hiyo halikumridhisha, akarudi kupiga sehemu kubwa upya, na toleo la 1959 ndilo lililobaki. Baadaye alicheza kwenye filamu za wengine na malipo yake akayatia kwenye filamu zake, nyingine akiipiga ndani ya nyumba yake. Cha kuchukua hapo ni mpangilio: usikatae kazi za kuigiza kwa kuwa sasa wewe ni mwongozaji, ila mikataba yako ionyeshe tarehe zako za kupiga picha na za uhariri.

Kwenye bajeti, weka asilimia 10 ya dharura na usiiguse kwa ajili ya lenzi nzuri zaidi. Fedha ya uhariri, sauti, rangi na muziki itengwe tangu siku ya kwanza kwenye akaunti ambayo mtayarishaji hawezi kuifungua akiwa na hasira. Filamu nyingi zinazokaa kwenye diski bila kumalizika zilitumia kila kitu siku za kupiga picha. Na diski ziwe tatu: nakala mbili pale kazini kwenye vifaa viwili tofauti, ya tatu ilale nyumba nyingine. Kadi ya kamera isifutwe hadi nakala mbili ziwe zimefunguliwa na kutazamwa. Ukipiga kwa uwiano wa 10 kwa 1, yaani dakika kumi za picha kwa kila dakika moja ya filamu iliyokamilika, filamu ya dakika 90 ni saa 15 za picha. Kama kazi ya siku nzima imepotea kwa kadi moja iliyofutwa na kijana aliyechoka, kosa ni la aliyemwachia kazi hiyo bila utaratibu ulioandikwa.

Muunganisho wa kwanza utakuwa mbaya. Muswada wa kurasa 90 utakupa saa mbili na ushee, kila mtu atatembea polepole, na utaamini umeharibu. Uache wiki moja au mbili. Mhariri awe mtu mwingine, tena ambaye hakuwapo siku za kupiga picha, kwa sababu yeye hajui kwamba shoti ile ilichukua saa tano na mvua ikanyesha. Wewe unajua, na ndiyo maana hutaki kuikata. Mwigizaji aliye ndani yako atang'ang'ania teki yenye machozi mengi. Weka kando yake teki ambayo mhusika anajizuia, uzitazame zote mbili bila sauti. Pia jaribu kukata kwenda kwa anayesikiliza badala ya kubaki kwa anayesema; nusu ya onyesho huwa pale, na waigizaji wachache huamini hivyo kwa sababu tumezoea kuhesabu mistari.

Waonyeshe watu sita hadi wanane wasiousoma muswada. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize wapi walichoka, wapi walipotea, na walidhani nani ni ndugu wa nani. Mmoja akilalamika, sikiliza. Watatu wakitaja mahali pamoja, rekebisha, ingawa dawa waliyopendekeza huenda siyo. Picha ifungwe kabisa, yaani mikato isibadilishwe tena, kabla muziki na usanifu wa sauti havijaanza, kwani kila sekunde unayoiondoa baadaye inalazimisha watu watatu warudie kazi.

Karatasi hazina utamu, kwa hiyo kwa ufupi. Kila aliyeonekana, aliyeandika, aliyepiga picha na aliyetoa nyumba yake asaini kabla ya kazi, rafiki zaidi ya mgeni. Wimbo uliorekodiwa na mtu mwingine una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi yenyewe, kupata moja hakukupi ya pili. Sauti ya mazungumzo na ya muziki zitenganishwe ili filamu iweze kutafsiriwa sauti. Na mtu apige picha za mnato siku za kazi, zikionyesha waigizaji ndani ya maonyesho. Tamasha litaziomba, na picha iliyokatwa kutoka kwenye video haitoshi kwa bango.

Kwa matamasha, filamu fupi ya chini ya dakika 15 hupangika kirahisi kuliko ya 25, hata ikiwa ya 25 ni bora kidogo. Filamu ndefu ina onyesho moja tu la kwanza duniani. Usiligawe kwa tamasha la kwanza litakalojibu kabla hujasoma masharti ya yale unayoyataka zaidi. Ukikubaliwa, fika siku moja kabla na uombe dakika kumi za kujaribu nakala kwenye ukumbi wenyewe. Kaa safu ya katikati, kisha safu ya mwisho ukutani. Angalia kama manukuu hayakatwi chini, kama mazungumzo yanatoka kwenye spika ya katikati wala si pembeni, na kama weusi wa onyesho la usiku bado una kitu ndani yake. Kisha mwachie fundi wa ukumbi namba yako ya simu, na diski ya akiba ibaki mfukoni mwako.